Kurasa Nyeupe za Malenga wa Mto Lulu

Kabla hujatia sahihi kwenye prufu, ile nakala ya kukaguliwa, kijana wangu, nenda kanawe uso. Usicheke. Nimeifanya kazi ya kusimamia uchapaji mpaka macho yakaomba likizo, na makosa yote makubwa niliyoyaona yalipitishwa na mtu aliyechoka, au mwenye njaa, au anayejipenda. Uchovu na njaa vina dawa. Huyo wa tatu ndiye nitakayewasimulia habari zake, maana ninamfahamu vizuri, na mpaka leo nikimkumbuka masikio yananiwaka moto.

Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa mnatuma faili kwa simu, kiwanda kiko kokote, kitabu kinakuja. Kule Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, mambo yalikuwa ya mikono. Mfanyabiashara wa Dar au wa Mwanza akitaka kalenda, madaftari, lebo za sabuni au vitabu vya nyimbo za kanisa, alihitaji mtu wa kukaa kiwandani. Mtu huyo aliangalia filamu juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akakagua mabamba ya mashine, yale ya bati yanayobeba sura ya kurasa, akasimama ubavuni mwa mashine wakati karatasi za kwanza zinatoka. Mimi, Gaspari, mzaliwa wa Morogoro, ndiye niliyekuwa mtu huyo. Wachina waliotupangia maneno hawakujua Kiswahili hata salamu. Waliyapanga kwa kuyatazama sura, na waliyapanga vizuri kuliko wengi wetu tunaoyasema. Tatizo ni pale kipande cha karatasi chenye maneno kilipobanduka, maana walikirudisha popote palipoonekana pana nafasi.

Kalenda ya kwanza niliyoisimamia peke yangu ilikuwa ya duka la vipodozi. Ilikuwa na picha ya bibi harusi, na ngozi yake ilikuwa inatoka ya kijani. Nilipigana na wino kutwa nzima mpaka bibi harusi akapata damu usoni. Nikafurahi, nikatia sahihi. Kalenda zikafika Mwanza, bibi harusi anang'aa kweli, na mwezi wa sita una siku thelathini na moja. Mwenye duka alinipigia simu akaniuliza, kwa upole kabisa, hiyo siku ya ziada nimempangia afanye nini. Nilimwomba radhi, nikajiambia nimejifunza kutokodolea macho kinachonipendeza tu. Wala sikuwa nimejifunza.

Ufundi wenyewe niliupata Cape Town, kabla sijaenda China. Huko nilifanya kazi katika karakana ndogo ya uchapaji, na aliyenifundisha alikuwa msahihishaji prufu mmoja mzee aliyeitwa Oom Dawie. "Oom" kwao ni kama sisi kusema mjomba. Alikuwa mtu wa rangi ya kahawia, na Kiafrikana ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. Mimi nilikuwa nimekwenda kule nikidhani ile ni lugha ya makaburu basi. Siku nilipolisema hilo mbele yake aliweka kalamu chini.

"Kasper," aliniambia, maana Gaspari lilimshinda, "lugha hii mama yangu alinibembelezea. Hao unaowasema waliikuta jikoni kwetu."

Alinifundisha kusoma prufu kinyumenyume. Unaanza na neno la mwisho la ukurasa, unapanda kwenda juu, neno moja moja. Ukisoma kwa mbele, maana inakushika mkono na kukuvusha juu ya makosa bila wewe kujua. Ukisoma kinyumenyume hakuna maana, kuna herufi tu, na herufi haina pa kujificha. Kiafrikana nilikijua hivyo, herufi kwanza, maana baadaye. Oom Dawie alikuwa na sharti moja la mwisho: ukishamaliza, usome tena mara moja kwa mbele, kama binadamu. Sharti hilo nililiacha Cape Town. Nilikuwa na haraka.

Sasa niwapeleke ghorofani, kwenye mgahawa mmoja wa tambi karibu na Zhanxi, pale penye maduka ya jumla ya nguo na viatu jirani na stesheni ya treni. Mwenye mgahawa alikuwa Mchina Mwislamu kutoka kaskazini magharibi, kwa hiyo nyama yake ililiwa na Watanzania wote, wa msikitini na wa kanisani. Jumapili alasiri, wenzetu wakiwa wamefunga mizigo, sisi tuliopenda mashairi tulikutana pale. Tulisomeana, tukajibizana kwa vina, tukanywa chai tuliyoitia iliki tuliyotoka nayo nyumbani. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Nilijichagua mwenyewe, kwa kauli moja. Lakabu yangu nayo nilijipa mwenyewe: Malenga wa Mto Lulu, kwa jina la mto unaopita katikati ya mji ule. Kila shairi langu nililitia lakabu hiyo kwenye ubeti wa mwisho, kama tulivyozoea, na nikiona ubeti wa mwisho uko mbali niliitia na kwenye wa katikati.

Kati ya waliokuja, wawili ndio mnaopaswa kuwajua. Elibariki wa Moshi alikuwa akinunua jinzi kule Xintang na kuzituma kwa kontena. Hakutunga hata ubeti mmoja. Alikuja kucheka na kula. Bi. Zuhura alikuwa Mzanzibari, mnunuzi wa viatu, mwanamke wa maneno machache na macho yasiyokosa kitu. Yeye hakuwa na lakabu yoyote, na alikuwa mshairi.

Mwaka ule mama yake Bi. Zuhura alikuwa amefariki Unguja. Habari zilimfikia akiwa dukani Zhanxi, ameshika kiatu mkononi anashindana bei, na mama alikuwa ameshazikwa. Miguu ya marehemu ilikuwa ikivimba, na bintiye alikuwa amemtafutia viatu vipana duka kwa duka. Akamtungia utenzi. Alipotusomea Jumapili moja, Elibariki, mtu wa kucheka, aliinamisha uso kwenye bakuli la tambi na mabega yakawa yanatikisika. Hakuna mtu aliyewahi kulia kwa shairi langu. Nililiona hilo palepale, na lilinichoma, na nikawa mwepesi wa kusema kwamba vina vya mwisho vimelegea kidogo.

Tulikuwa tumekubaliana kuchapa diwani ya baraza letu, kitabu chembamba cha kupeleka nyumbani. Bi. Zuhura aliwaandikia ndugu zake Unguja kwamba siku ya kumkumbuka mama, atakapotimiza mwaka, kitabu kitakuwa kimefika pamoja na mzigo wa viatu, na utenzi utasomwa kutoka ndani yake mbele ya jamaa. Aliniuliza kama umo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Haukuwemo. Karatasi moja kubwa ya mashine ikikunjwa inatoa kurasa kumi na sita, na sisi tulikuwa na karatasi mbili. Nilipopanga kurasa hizo, mashairi yangu yalichukua nafasi ya kutosha. Kisha nikaweka picha yangu, ukurasa mzima, niliyopigwa studio karibu na mtaa wa Yide Lu, mkono shavuni, kalamu kidoleni, na maporomoko ya maji ya kuchora nyuma yangu. Kisha dibaji. Dibaji ilinisifu mno, na niliiandika mimi mwenyewe, nikaiwekea jina la Elibariki. Nilipanga kumwambia siku moja. Ilipofika zamu ya utenzi wa Bi. Zuhura, nikajiambia kwamba viatu si mada ya ushairi, hasa viatu vya Zhanxi.

Katikati ya hayo akaja Meneer Faan.

Huyu ("Meneer" kwao ni Bwana) alikuwa mwalimu mstaafu, Kaburu mrefu mwenye kaptura, soksi za kufika magotini, na kitana kimechomekwa ndani ya soksi moja. Wachina wa kiwandani walimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu ya kile kitana. Alikuwa ameandika kijitabu cha mashairi ya kejeli kwa Kiafrikana, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kama Makofi ya Kujipigia. Humo aliwachapa bakora watu wote wa ulimwengu wa vitabu wa lugha yake: majaji wa tuzo wanaozungushiana tuzo kama bakuli la nyama, wahakiki wanaosoma jalada la nyuma tu, matamasha ambako washairi husikiliza shairi moja na kula siku tatu. Kwao hakupata mchapaji. Wachapaji wote walipewa kazi na wachapishaji haohao aliowacheka. Oom Dawie ndiye aliyemwambia kuna Mtanzania Guangzhou anayekisoma Kiafrikana herufi kwa herufi.

Nilikisoma kijitabu chake mara tatu, kutoka chini kwenda juu. Nilikuta makosa ambayo yeye mwenyewe hakuyaona, akanishika mkono kwa shukrani. Karatasi aliyoinunua ingebaki kidogo mwishoni, akatuachia. Nikapanga na mwenye kiwanda, Laoban Leung ("laoban" ni bosi, neno la kwanza kila mfanyabiashara kulijua kule), kwamba mashine ikimaliza kazi ya Meneer siku ya Jumatatu, iendelee palepale na diwani yetu. Jumanne ilikuwa na kazi ya mtu mwingine.

Jumapili ya kabla yake nilimkaribisha Meneer kwenye baraza. Nilitaka aone kwamba na mimi ni mshairi. Nilibeba na prufu ya bluu ya diwani, ile karatasi ya mwisho unayoonyeshwa kabla ya mashine kuanza, nikaiweka katikati ya meza ili watu waulize.

Hawakuiulizia. Waliulizia kitabu cha mgeni.

"Anasema nini humo, Mwenyekiti?" Elibariki aliuliza. "Mbona kila nikimwangalia anacheka peke yake?"

Nikasema nitawasomea. Nilisoma mstari wa Kiafrikana, nikatoa maana yake kwa Kiswahili cha kawaida. Bi. Zuhura, aliyekuwa kimya pembeni, akaanza kugonga meza kwa vidole, akihesabu mizani, na kila nilipomaliza ubeti yeye aliugeuza kuwa shairi palepale, bila kalamu. Ubeti wa kwanza ulimhusu mshairi wa kwao Meneer aliyewaimba watawala wa zamani, na serikali mpya ilipoingia akagundua kwamba siku zote alikuwa mpinzani:

Jana alipiga goti, wakubwa akiwaimba,
Leo kavaa makoti, ya walofungwa na kamba,
Ati hata kwa bahati, hakuwahi kuwaramba,
Medali kaipokea, kwa mkono ule ule.

Ukumbi ulilipuka. Elibariki alipiga meza mpaka chai ikamwagika. "Aisee! Huyo hata kwetu yupo! Kumbe na Wazungu wana haya mambo?"

"Mwongeze chai mgeni," Bi. Zuhura alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wake nilimwona akitabasamu. "Enhe, Kaka Gaspari. Inayofuata."

Nikafunua ukurasa. Ukurasa ule ningeweza kukuambia koma zake zimekaa wapi. Ila sikuwa nimewahi kuusoma kwa mbele. Nikausoma sasa, kwa sauti, mbele za watu. "Mshairi huyu," nikasema, "anajiandikia dibaji mwenyewe," na kidole changu kikasita kwenye mstari unaofuata.

Ningeweza kuacha. Meneer hakujua Kiswahili na wengine hawakujua Kiafrikana. Ningesema lolote wakaniamini. Lakini vidole vya Bi. Zuhura vilikuwa juu ya meza, vinangoja.

"Enhe, kisha?"

"Kisha anaweka jina la mtu mwingine."

"Mtu mwenyewe anajua?"

"Hajui."

Alifumba macho kidogo, akayafumbua, akatoa huu:

Dibaji kaiandika, yeye mwenyewe chumbani,
Jina la mtu kaweka, asojua yumo ndani,
Kisha asoma acheka, "Nimesifiwa jamani!"
Na chozi lamdondoka, kwa utamu wa sifaze.

Walicheka kuliko mara ya kwanza. Na mimi nilicheka, kwa nguvu, mdomo wote nje. Joto lilikuwa kali, na Elibariki, machozi ya kicheko yakimtiririka, akaokota kilichokuwa karibu ili ajipepee. Ilikuwa prufu ya diwani. Akajipepea nayo, akaitazama, akaacha kujipepea.

"Mbona nimo humu?"

Hakuna aliyeelewa. Akaanza kusoma polepole, kama mtu anayesoma risiti asiyoitambua. "'Mara chache sana katika historia ya ushairi wetu huzaliwa kipaji kama cha Malenga wa Mto Lulu. Nilipoyasoma mashairi yake, nilishindwa kulala. Elibariki, mhakiki wa fasihi, Xintang.'" Akanyanyua uso. "Mzee, mimi nashindwa kulala kwa ajili ya kontena. Haya nimeyasema lini?"

Vijana, nimeona mashine ikimeza kidole cha mtu. Nimeona kitabu cha nyimbo kikifika kanisani kimejalidiwa juu chini. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mtu wa kona ya mbali akashindwa kujizuia, na kicheko kikapita meza nzima, na safari hii hakuna aliyemcheka mshairi wa Kiafrikana. Nilitamani sakafu ifunguke nitumbukie kwenye sufuria za tambi huko chini. Elibariki mwenyewe alicheka pia, lakini alikuwa ananitazama kama mtu uliyemvalia shati lake bila kumwomba.

Bi. Zuhura hakucheka. Alinyoosha mkono, akaichukua prufu, akaipekua ukurasa mmoja mmoja mpaka mwisho. Kisha akaanza tena mwanzo, taratibu, kama mtu anayetafuta pete kwenye mchele.

"La mama liko wapi?"

Nikamjibu. Nikamweleza, Mungu anisamehe, jinsi karatasi moja inavyokunjwa ikatoa kurasa kumi na sita, na kwamba huwezi kuongeza ukurasa mmoja peke yake kwa ajili ya shairi la viatu, na jinsi uzi unavyopita mgongoni. Nilieleza vizuri sana. Nilijificha ndani ya ufundi wangu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Na huyu aliyeshika shavu," akauliza, kidole kikiwa juu ya picha yangu, "yeye kapata ukurasa mzima?"

Akaiweka prufu mezani akiinyoosha pembe zake, akaaga mmoja mmoja. Aliniaga na mimi, "Kwaheri, Kaka Gaspari," kwa adabu ileile ya kila siku. Afadhali angenitukana.

Tulipokuwa tunashuka ngazi Meneer aliniuliza, "Mara ya mwisho walicheka nini?"

"Shairi lako."

"Hapana," akasema. "Walikuwa wanakuangalia wewe."

Jumatatu asubuhi kazi yake iliingia mashinani. Tulisimama pamoja tukiangalia karatasi zikishuka, na kelele ilinifaa, maana sikutaka kuongea. Ilipotoka karatasi ya mwisho akaichomoa, akaniwekea kidole kwenye shairi la kufungia kitabu.

"Hili umelisoma?"

"Mara tatu."

"Kwa mbele?"

Nikalisoma kwa mbele, nimesimama pale, wino bado mbichi. Baadaye nililigeuza kwa Kiswahili mwenyewe, na katika yote niliyoyatunga maishani ni hili tu ambalo silionei haya, nalo si langu:

Nyumbani nina kabati, lenye hotuba fichoni,
Ya kushukuru kwa dhati, nikivalishwa nishani,
Naisoma kwa sauti, mbele ya kioo ndani,
Simu haijanilia, bado ningali nangoja.

"Hotuba ipo kweli?" nilimuuliza.

"Ipo. Mke wangu ameshaizoea, anaijua kwa moyo." Akachomoa kitana kwenye soksi, akachana nywele chache alizonazo. "Nilipokwisha kuwacheka wote nilikisoma kitabu chote kwa mara moja, nikaona aibu. Nikajitia na mimi humo."

"Aibu ikaisha?"

"Hapana," akasema. "Wewe sasa utafanya nini?"

Nilikwenda kwa Laoban Leung, nikamwonyesha mabamba ya diwani. Kwa dawa na kitambaa unaweza kufuta kilichomo kwenye bamba, ukurasa ukatoka mweupe. Ni kazi ya uangalifu, kwani tone likidondokea ukurasa wa jirani umeuharibu. Nikafuta dibaji. Nikafuta picha. Nikafuta na mashairi yangu, yote. Laoban alinitazama kana kwamba nimepandwa na homa. Nikamwomba anipe mpaka saa tisa, nitaleta shairi la kujaza pale, apange na kutengeneza bamba jipya. Nikakimbilia Zhanxi.

Nilimkuta Bi. Zuhura katikati ya mikokoteni na maboksi, anagombana na mwenye duka. "Tai gui le, laoban! Ghali mno! Kiatu chenyewe hata gundi hakijashika!" Aliponiona aliacha. Nikamweleza kwamba nimefuta kurasa zangu na mashine inangoja, anipe utenzi wa mama, utafika Unguja kwa wakati.

Alikaa juu ya boksi. "Nikuulize, Kaka Gaspari. Ulipolikataa ulisema ni shairi la viatu. Leo limekuwa shairi la nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, na nilikuwa nimelijua tangu siku Elibariki alipoinamia bakuli lake: shairi lako ni zuri kuliko yangu yote, na nililiogopa. Mdomo ukafunguka, na mwenye duka alikuwa anatuangalia, na wachukuzi wanapita, na mimi nilikuwa mwenyekiti.

"Kuna kurasa zimebaki wazi," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Nadhani alikuwa amenipa nafasi, na aliniona nikiipoteza.

"Basi mie ni wa kujazia pengo," akasema. "Mama yangu hakufa ili akufunikie aibu yako. Nenda, mashine inakungoja."

Akarudi kwenye kiatu chake na bei yake. Nilirudi kiwandani kwa miguu. Laoban Leung alikuwa mlangoni, akanyoosha mkono apokee karatasi.

"Mei you?" aliuliza. Hakuna?

"Mei you," nikamjibu.

Mashine ikawashwa. Diwani ilichapwa ikiwa na mashairi ya wenzetu wengine, na katikati yake fungu la kurasa nyeupe. Kila aliyepewa nakala aliigeuza huku na huku, akaniangalia, hakuniuliza. Ndugu zake Bi. Zuhura walimkumbuka mama yao mwaka ule bila kitabu. Baraza lilikufa lenyewe, hakuna aliyelifunga. Meneer Faan alirudi kwao na mizigo yake. Sijui kama simu ilimlilia.

Miaka mingi baadaye, nimeshastaafu, nilikwenda kumsalimia Elibariki Dar es Salaam. Tulishasameheana, au yeye alinisamehe. Mpaka leo ananiita Malenga mbele ya wageni, nami naitika. Kwenye rafu yake niliiona diwani, imechakaa mgongo. Nikaifungua nikitegemea weupe ule ninaoujua. Kurasa zilikuwa zimejaa, kwa mwandiko wa kalamu, mdogo na uliosimama wima.

Mama, nimevitafuta,
Vipana visivyokata,
Na leo nimevipata,
Mwenyewe umeondoka.

"Nilimpelekea Bi. Zuhura mwenyewe, nikamwomba," Elibariki alisema. "Wengine nao walimpelekea. Kila mwenye nakala ameandikiwa. Kwani wewe yako iko wapi?"

Nikasema yangu sijui niliiweka wapi.

Niliiweka hapa, kwenye droo ya meza ninayoandikia sasa. Bi. Zuhura yupo Unguja, mzima, na boti kwenda kwake ni safari ya asubuhi tu. Najua atanipokea, atanitilia chai, kisha atanyoosha mkono achukue kalamu, na kabla ya kuandika ataniuliza tena lile swali la Zhanxi. Wajukuu zangu wakiifungua nakala yangu na kuikuta nyeupe katikati, hunicheka kwamba babu na ufundi wake wote alipitisha kitabu ambacho mashine ilikuwa imeruka kurasa. Mpaka leo nilikuwa nawaachia waamini kwamba ilikuwa mashine.